Nilimkuta Amembeba Mwanamke Mwingine

Jamani, nilimkuta mume wangu amembeba mwanamke!

Sisemi kwa mafumbo. AMEMBEBA! Mikono yote miwili imemzunguka kiunoni, kidevu cha yule mwanamke kimelala begani kwake, miguu inaburuzika chini kama hana mifupa.

Mimi nimesimama nje ya dirisha, nimeshika nondo za dirisha, nachungulia kwenye upenyo wa pazia.

"Usiogope," yule mwanamke anasema. "Nishike chini kidogo. Hapo hapo. Sasa nivute kwako!"

"Nitakuumiza."

"Huniumizi. Vuta!"

Na mzee mzima akavuta!

Nyie... masikio yangu yalilia ziii.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkasema mama huyu ana wivu wa kitoto.

Mimi kwa kazi nilikuwa opereta wa simu. Watu wa zamani mnaijua kazi hiyo. Ofisi kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, na simu zote zinapita kwangu. Bosi akisema niunganishe na fulani, simuulizi namba. Namba zote ziko kichwani! Za wakurugenzi, za mafundi, za wake zao, na za wale ambao si wake zao.

Mpaka leo mtaani wananiita Opereta. Kwa hiyo mtu asiniletee habari za kusahau. Mimi sisahau kitu!

Mume wangu alikuwa dereva wa malori, na mimi namwita Dereva hivyo hivyo hata baada ya kustaafu. Kitambi chake kilikuwa kinatangulia mlangoni, yeye anafuata baadaye. Chai yake nusu sukari. Soda mchana, soda jioni. Mboga za majani alisema ni chakula cha mbuzi.

Nilimpenda na kitambi chake. Sikuwahi kumlalamikia.

Sasa ghafla bin vuu, Dereva akabadilika.

Sukari akaacha. Soda akaacha. Akaanza kula samaki, maharage, konzi ya karanga, na bakuli zima la mboga za majani, yeye aliyesema za mbuzi! Jioni anazima simu mapema, analala. Asubuhi anatoka kutembea, anarudi shati limelowa. Halafu anaingia uani, ananyanyua gunia la mchanga. Juu, chini. Juu, chini. Akimaliza hapo anakaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu, anarudia mpaka anahema.

Nikamuuliza, "Dereva, unajiandaa na mashindano gani?"

"Najiandaa na uzee."

"Uzee si umeshafika? Unajiandaa nao nini, utakupita?"

Akacheka kidogo. Kisha akanigeuzia mgongo, akaendelea na gunia lake.

Wanawake wenzangu, niambieni ukweli. Mwanaume wa umri ule akianza kupunguza kitambi, anampunguzia nani? Mimi nilishakizoea!

Na hayo ni madogo. Akaninyang'anya jiko! Gesi anaifunga, ufunguo wa kabati la mtungi anauweka mfukoni mwake.

"Leo napika mimi," anasema.

Leo yeye, kesho yeye, keshokutwa yeye. Mboga anaziinjika na kuzitoa hapo hapo, bado zinang'aa.

"Mbona hazijaiva?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Zikiiva sana zinapoteza faida."

"Inavyotakiwa na nani?"

Akanisogezea bakuli.

Sasa mwanaume aliyeishi barabarani miaka yote, chai tu anaunguza, nani kamfundisha mapishi? Nauliza tu!

Halafu akaniletea bangili. Ya chuma, imechongwa namba yake ya simu.

"Zawadi yako," akasema.

"Zawadi gani ina namba ya simu? Namba yako naijua kuliko jina langu!"

Akanivalisha mwenyewe, akaubusu mkono wangu. Hapo ndipo nilipozidi kushtuka. Mzee hajanibusu mkono tangu tukiwa wachumba. Mwanaume akianza kutoa zawadi bila sababu, ujue ana kesi moyoni.

Lakini kilichonimaliza ni simu. Nilimsikia uani anaongea kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, daktari... Gunia nimeliweza... Hapana. Nimemwambia, lakini hajui."

Hajui!

Neno hilo lilinichoma, jamani. Nani hajui? Si mimi?

Alipokata simu akaondoka zake. Nikabaki nachemka, kisha nikatoka mbio mpaka saluni ya jirani. Shoga yangu wa damu, ukuta wake na wangu ni mmoja. Nilimkuta anamsuka mteja.

"Shoga, Dereva ana mwanamke!"

Akaacha kusuka. Akaniangalia, akaangalia na miguu yangu.

"Unataka kwenda leo?" akauliza.

"Kwenda wapi?"

"Si unataka kumfuata?"

Mnaona? Sijasema hata neno la kumfuata, ameshajua! Huyo ndiye shoga.

"Twende sasa hivi," nikasema.

"Haya. Vaa viatu kwanza."

Kumbe nimetoka peku! Hasira hizo. Akanipa viatu, vilikuwa pale pale nyuma ya mlango wa saluni. Vya kwangu. Sikuuliza vimefikaje.

Mteja mwenyewe nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Nilidhani atalalamika.

"Nendeni tu," akasema kwa upole. "Nitasubiri."

Tukatoka. Tukapita duka la dawa, tukapita gereji, tukaufuata ukuta wa shule mpaka mwisho, tukakata kona. Mimi ndiye niliyetangulia! Shoga yuko nyuma yangu. Nilijua kabisa sijawahi kufika upande ule, lakini miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nikasema moyoni, wivu una ramani yake.

Tukafika kwenye geti la kijani. Juu yake kibao: UZEE WENYE AFYA. LISHE, USINGIZI, MAZOEZI.

Nikasonya. Siku hizi hata madanguro yana vibao vizuri!

Nikazunguka dirishani. Na hapo ndipo nilipoona nilichowaambia mwanzo. Dereva wangu na mwanamke mikononi.

Nikasema simpigii kelele kwanza. Nampigia simu, nimsikie anavyodanganya. Nikatoa simu, kidole kikabaki hewani.

Namba... namba ikagoma kuja.

Hasira, nikajiambia. Nikageuza bangili, nikasoma.

Ndani simu ikaita. Dereva akamketisha yule mwanamke kitandani taratibu, kama anaweka mayai, akaipokea.

"Mke wangu? Uko wapi? Uko salama?"

"Wewe ndiye uko wapi?"

"Niko kwa daktari."

"Unafanya nini?"

Akamtazama yule mwanamke.

"Mazoezi."

Mazoezi! Nikakata simu. Nikauendea mlango kwa bega, nguvu zangu zote...

Haukuwa umefungwa! Niliingia mzima mzima, nusura nivunje meno.

"Mwizi wa waume!" nikapiga kelele. Nikavua kiatu, nikamrushia. Kikampita, kikagonga ukuta.

Yule mwanamke alikuwa na koti jeupe na raba nyeupe, mtu mzima kidogo tu kuliko binti wa kumzaa. Nilitegemea akimbie. Hakukimbia. Alisimama, akaweka nywele zake sawa, akanitabasamia.

"Karibu tena, mama."

Tena?!

"Tena na nani? Unanijua wewe?"

Akamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia sakafu.

"Kaa kwanza, Opereta," yule mwanamke akasema.

Jamani, kaniita Opereta! Jina langu la mtaani kalipata wapi?

Nikaangaza macho mle chumbani. Kitanda cha hospitali. Kiti cha magurudumu. Gunia la mchanga, pacha wa lile la uani kwetu. Mezani bakuli la mboga zisizoiva. Nikasema haya, mafunzo ya mapishi yanatolewa hapa hapa!

Dereva akapiga magoti mbele yangu. Hakushika kiti wala meza.

"Mke wangu, yule uliyeniona nimembeba... alikuwa anajifanya wewe."

"Mimi?"

"Daktari anajilegeza, anajifanya hawezi kusimama. Mimi najifunza kumtoa kitandani na kumweka kwenye kiti bila kumuumiza. Na bila kuvunjika mgongo."

"Kwani mimi siwezi kusimama? Si nimesimama hapa?"

"Leo unaweza," akasema.

Nyie... hilo neno leo. Lilinishukia taratibu, kama maji ya baridi kichwani.

"Nini kitatokea kesho?" nikauliza.

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu nami. Alikuwa na harufu ya sabuni ya kawaida tu, si manukato ya kuibia waume.

"Mama, kati yenu wawili mgonjwa wangu wa kwanza ulikuwa wewe," akasema. "Mlikuja wote wawili. Ulikaa kiti hicho hicho. Ulinitajia namba za simu za ofisi yako nzima, moja baada ya nyingine, hukukosea. Nikakuuliza asubuhi umekula nini. Hukuweza kuniambia."

"Uongo!"

"Mke wangu," Dereva akasema, "leo asubuhi umekula nini?"

Nikafungua mdomo.

Nikafunga.

Wasomaji wangu, nilitafuta. Nilitafuta kila mahali kichwani mwangu, kama nilivyokuwa natafuta laini iliyokatika. Hakuna kitu. Kweupe.

Dereva akaniambia yote. Hospitali kubwa walishanipima, wakasema ni ugonjwa wa kumbukumbu, unaenda mbele tu, haurudi nyuma. Yeye akakataa. Akasoma kwenye mitandao kwamba chakula na mtindo wa maisha vinaponya kila kitu. Akanishika mkono, akanileta hapa.

"Mlinifanyia nini?" nikamuuliza daktari.

"Vyote tunavyojua. Tulipunguza sukari. Samaki, mboga, mafuta mazuri. Kulala kwa wakati, kutembea jioni, kukaa na watu. Dawa za hospitali hatukuziacha."

"Ikawaje?"

"Vilikusaidia, mama. Presha ilishuka. Ulilala vizuri, ulicheka zaidi. Pengine tulisogeza siku mbele kidogo. Lakini kinachoondoka kichwani hakirudishwi na mboga. Nilimwambia mzee ukweli huo. Atakayemwambia vingine anataka kumdanganya."

Nikamgeukia Dereva. "Kwa hiyo mkaniacha?"

"Sijakuacha. Nilibadilisha ombi," akasema. "Nikamwambia daktari, kama huwezi kumzuia yeye asiondoke, basi nisaidie mimi nisichakae haraka. Wa kumbeba lazima awe na mgongo."

Jamani.

Kile kitambi... kumbe alikuwa ananipunguzia mimi!

"Na gesi?" nikauliza. Nilitaka nipate hata kosa moja.

"Uliiacha wazi, ukatoka. Shoga yako ndiye aliyesikia harufu."

"Bangili?"

Daktari ndiye aliyejibu.

"Ulipotea, mama. Ulikutwa kituo cha basi umeshika simu sikioni. Unamwomba kila anayepita akuunganishe na nyumbani."

Mimi! Opereta! Niliyeunganisha watu maisha yangu yote!

Nikageuka mlangoni. Shoga yangu amesimama pale, ameshika kiatu changu nilichorusha.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, shoga."

"Na ukanileta mpaka huku kuja kuaibika?"

"Nikikwambia njiani, unalia njia nzima. Ukifika ukaona mwenyewe, unalia mara moja tu."

"Kwani nimekuja mara ngapi?"

Wakaangaliana.

"Siku ambazo mzee anakuja mazoezini, mlango siufungi," daktari akasema. "Mara ya kwanza uling'oa kitasa."

Nikacheka! Nawaambia nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikajiona na bega langu naubomoa mlango wa watu. Na wao wakacheka. Kicheko kikageuka kilio katikati, hata sikujua kimegeukia wapi. Dereva akanikumbatia, akaniinua pale kwenye kiti kama alivyofundishwa. Mkono mmoja kiunoni, mmoja mgongoni. Magoti ameyakunja, mgongo ameunyoosha.

Alinibeba vizuri. Sitasema uongo, hakuniumiza.

"Gunia lile la uani lina uzito gani?" nikamuuliza begani.

"Wako."

"Mbona siku hizi unalinyanyua kwa urahisi?"

"Umekonda, mke wangu. Kila ukikonda, napunguza mchanga."

Nikamuuliza daktari kama huyu mzee ataweza kweli mpaka mwisho wangu. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Anajitahidi kuliko vijana ninaowajua," akasema. "Lakini naye ni mzee, na moyo wake ulishachoka na miaka ya soda na barabara. Alichelewa kuanza. Sijamwahidi kitu."

"Sitaki ubaki na watu usiowajua," Dereva akasema.

"Utafika wakati hata wewe sitakujua."

Akanishikilia zaidi.

"Hilo daktari hajanipa mazoezi yake," akasema.

Basi, tukarudi nyumbani. Sasa hivi nimekaa mezani, Dereva yuko pembeni anakata karoti. Nikasema nikiwa bado ninayo kichwani, niwaandikie watu wangu.

Akaniona nachapa kwenye simu.

"Unaandika nini?"

"Nawasimulia wasomaji wangu ya leo."

Akaweka kisu chini. Akafuta mikono taratibu.

"Kabla hujamaliza, soma juu kidogo."

Nikapandisha ukurasa wangu kwa kidole.

Nikaiona. "Jamani, nilimkuta mume wangu amembeba mwanamke!" Neno kwa neno. Nikapandisha tena. Ipo nyingine. Na juu yake nyingine!

Nikasoma na komenti zenu. Za kwanza mlikuwa wakali kweli. Mama, kusanya nguo zako uondoke! Wazee wa siku hizi hovyo kabisa! Ya pili mkaanza kuulizana, hivi si ameshaisimulia? Halafu kidogo kidogo mkapoa. Pole mama. Tupo mama, tusimulie. Na mmoja, Mungu ambariki, ameandika: "Leo umeongeza ya kiatu, mara ya kwanza haikuwepo. Nimecheka."

Kumbe mlijua. Mmekuwa mkinisikiliza kama wageni wa hadithi, na hakuna hata mmoja aliyenicheka mimi.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Ukimwona mwenzio ghafla anajitunza, anakula majani, anatembea, analala mapema, usikimbilie dirishani kuchungulia. Kaa naye, muulize anajitunza kwa ajili ya nani. Jibu linaweza kukuvunja, lakini ni lako.

Na nyie mlio na nguvu, kuleni vizuri sasa. Tembeeni sasa. Laleni. Msifanye kwa kudhani mtaukwepa uzee au kifo, hakuna aliyeukwepa. Fanyeni kwa sababu siku moja kuna mtu atahitaji kunyanyuliwa, na itakuwa zamu yako. Sisi tulianza wakati zamu imeshafika.

Na ombi moja. Nikija kuisimulia tena, msiniambie nimeshaisimulia. Niulizeni tu, "Ikawaje, mama?"

Ngoja kwanza, ananiita kula. Nakuja kumalizia.

...

Nimerudi, wapendwa. Nimeshakula. Samaki, karoti, na mboga za majani ambazo hata hazijaiva vizuri.

Halafu sikieni. Amepika Dereva! Mume wangu, aliyekuwa anaunguza hata chai! Sukari ameacha, kitambi kimeisha, na sasa hivi namsikia uani anahema na gunia la mchanga.

Hivi, nyie, mwanaume wa umri ule... anajiandaa na nani?

Kuna kitu hapa. Mimi si wa kudanganywa, nilikuwa opereta.

Kesho namfuata.